Mgeni Analala Wapi?

Kwenye mafunzo ninayowaendeshea wazazi ya kuwakinga watoto na ukatili wa kingono, swali linalochelewesha chai kuliko yote halihusu sheria, wala dalili, wala polisi. Ni hili: mgeni akija kwenu, analala wapi?

Kwanza watu hucheka. Nyumba zetu mnazijua: vyumba viwili na sebule, choo cha nje cha kuchangia na wapangaji wengine. Mjomba akitoka Handeni kuja kutibiwa mjini, au binamu aliyemaliza kidato cha nne akija kutafuta kazi, hatandikiwi sebuleni. Sebuleni ni aibu, wapita njia watasema tumemtupa. Anaambiwa, "Kalale na wadogo zako." Mtoto wa miaka sita anasogezwa ukutani, neti inachomekwa, taa inazimwa. Hakuna aliyewaza lolote. Na kwa wageni walio wengi, kweli, hakuna lolote. Lakini ukiwaomba watu wazima waliojibana kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yamewapanda kifuani, wanyamaze kidogo na wakumbuke utoto wao wenyewe, kicheko kinakatika. Siwaambii waseme. Nawaambia wakumbuke tu, kisha tunaendelea.

Kazi hii naifanya Tanga, zaidi siku za Jumamosi, kwenye shule za msingi, misikitini, makanisani, na siku hizi hata kwenye vijiwe vya bodaboda. Watu wakisikia ni mafunzo ya kuwakinga watoto na ukatili wa kingono, wanakuja wakitegemea kuonyeshwa namna ya kumfundisha mtoto: mwili wako ni wako, sema hapana, piga kelele, kimbia. Hayo yana nafasi yake na nayapitia. Kadhalika majina ya viungo vya mwili, mtoto ayajue yalivyo, asije akashindwa kueleza alipoumizwa. Nusu saa inatosha.

Muda wote unaobaki nautumia kwa wakubwa, kwa sababu mtoto wa miaka saba hapangiwi zamu ya ulinzi. Tangu ameanza kuongea tumemwambia mkubwa hajibiwi, mkubwa hapingwi, mkubwa akikutuma unakwenda mbio. Halafu tunataka siku moja, mbele ya mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi, akumbuke wimbo wa shuleni na aseme hapana. Anayeweza kumwambia mkubwa hapana ni mkubwa mwenzake. Na sijawahi kukutana na mzazi asiyejua kuwa jambo hili ni ovu. Kinachotukwamisha ni kwamba kulizuia kunadai utovu mdogo wa adabu, na sisi tumelelewa vizuri mno.

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, Bara na Visiwani, ikahoji vijana wa miaka 13 hadi 24, wa kike na wa kiume. Ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kupima aina zote za ukatili kwa jinsia zote mbili nchi nzima, na matokeo yalitangazwa 2011 bila kufunikwa, ingawa hayakuwa ya kujivunia. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa walau tendo moja la ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Mahali palipotajwa sana ni nyumbani kwa mtu. Njia ya kwenda na kurudi shule nayo ilitajwa, na shuleni penyewe. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Kwa wavulana, walionyamaza ni kama wawili kati ya watatu.

Chumba kikisikia hivyo huwa kinapooza, kwa hiyo naongeza ya jirani. Kenya nao walipima 2010 wakapata asilimia 32 kwa wasichana na 18 kwa wavulana. Waliporudia 2019 wakapata 15.6 na 6.4. Unaweza kubishana na watafiti kuhusu kilichosababisha, na wao wenyewe wanabishana, lakini namba kushuka kiasi hicho ndani ya miaka tisa inatosha kumwondoa mtu kwenye "dunia imeharibika, tufanyeje".

Sasa turudi kwenye adabu. Mtu mwenye nia ya kumdhuru mtoto mara nyingi hamwanzi mtoto. Anaanza na wewe mzazi. Ni fundi aliyekutengenezea bomba akakataa hela. Ni mwalimu wa tuisheni anayekubali ulipe mwisho wa mwezi, au jirani mwenye gari anayewapa watoto lifti mvua ikinyesha. Anakujengea deni la shukrani taratibu, mpaka siku utakayoona kitu usichokipenda utajikuta unajiuliza utaanzia wapi kumsema mtu aliyekufaa hivyo. Kisha anajaribu mbele yako: anamtekenya mtoto anayejivuta, anampakata binti ambaye umri wa kupakatwa umempita, anasema neno la utani lenye kona. Wewe ukicheka, ameshapata jibu lake. Mtoto naye amepata lake, kwamba mama aliona na akacheka.

Hapa huwa panawaka moto, kwa sababu ya utani. Bibi mmoja alisimama akaniuliza kwa ukali kama nataka kuwafuta babu zao, maana kwao babu humwita mjukuu "mke wangu" na hakuna ubaya. Mimi sina ugomvi na utani. Babu yangu alikuwa akidai mimi ni mke wake mdogo na kwamba mama yangu anamcheleweshea harusi, na mimi namjibu mbele ya watu wote kuwa siolewi na mume asiye na meno, ukumbi mzima unaangua kicheko. Utani wetu wa asili una hadhira, na una majibu: mjukuu ana ruhusa ya kumshinda babu. Mtu mzima anayemwita mtoto mchumba kwa kunong'ona, au anayenuna mtoto akimjibu, au anayemwambia "usimwambie mama", huyo si mtani. Amevaa tu koti la mtani. Bibi alikaa kimya kidogo, akasema kwao pia mtani asiyetaka kujibiwa hufukuzwa. Nikamwomba arudie kwa sauti ili wa nyuma wasikie.

Swali linalofuata huwa ni kama sasa kila mwema ashukiwe. Hapana, maisha hayo hayakaliki, na sisi tusio na ndugu wenye hela tungekufa bila majirani wema. Ninachowaomba ni waweke mpaka, kisha waangalie mwema anaufanyaje. Mwambie mwalimu wa tuisheni, "Mwalimu, mlango uwe wazi mnaposoma." Mwenye nia safi atauacha wazi, pengine atanuna kidogo, yataisha. Mwingine atakulaumu kwa kumvunjia heshima, au atahamisha kipindi kwake, au ataanza kumpa mtoto vitu vya kuficha. Kipimo hicho hakina uhakika wote, maana mjanja anaweza kutii. Sawa, atii. Anayetii kwa ujanja naye amekosa nafasi, na nafasi ndiyo tunayoipigania.

Ndiyo maana natumia muda mrefu kwenye mazoezi ya kutamka. Watu wanajua cha kufanya, ila mdomo hauna njia. Nawapanga wawiliwawili: mmoja ni kaka aliyeshuka na basi la jioni ana begi lake, mwingine ni mwenye nyumba. Kazi ni moja, kumlaza kaka sebuleni bila kumtukana. Ungeona watu wazima wanavyohangaika! Mmoja alianza na habari za kunguni. Mwingine akasema watoto wana mafua, kaka akajibu mafua hayajamshinda mtu. Baba mmoja mwenye mwili wa kubeba magunia aliishia kusema, "Basi kaka, lala tu popote," akakaa chini, wote wakacheka mpaka machozi. Visingizio sivikatazi, isipokuwa kile cha "mtoto anakojoa kitandani", kwa sababu kinamwaibisha mtoto ili kumlinda mkubwa asiaibike, na hayo ndiyo mazoea tunayojaribu kuyaacha.

Aliyetuokoa siku hiyo ni mama anayeuza samaki Deep Sea. Alisimama, akafunga kanga vizuri, akamtazama yule "kaka" na kusema: "Kaka, karibu sana, pole na safari. Hapa kwangu watoto wanalala wenyewe, mgeni namtandikia sebuleni. Hata baba mkwe alipokuja alilala hapohapo." Maneno machache, lakini angalia alivyoyapanga. Ukarimu umetangulia. Kanuni ni ya nyumba, haimhusu kaka. Na baba mkwe ametajwa, kwa hiyo hakuna wa kudai amedharauliwa, maana nani mkubwa kuliko baba mkwe? Watu walitoa madaftari wakaandika. Mimi pia niliandika, na tangu siku hiyo naifundisha sentensi ile kila ninakokwenda, ingawa wengine hawana baba mkwe na inabidi wamuazime.

Kuna watu wanaodhani haya ni ya vyumba viwili na sebule, ya watu wasiosoma. Kwao ninayo habari ya Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani na wa Chuo Kikuu cha Michigan State. Aliwadhulumu wasichana kingono kwa miaka mingi akijificha nyuma ya neno matibabu. Wapo waliolalamika kwa watu wazima tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaambiwa hawakuelewa tiba. Wapo waliofanyiwa na mzazi wao akiwa ndani ya chumba hichohicho, daktari amejiweka mahali ambapo mzazi haoni. Januari 2018, wakati wa kuhukumiwa, zaidi ya watu 150 walitoa maelezo yao mahakamani, na jaji akampa kifungo cha miaka 40 hadi 175. Waliokuwa wamemzunguka ni makocha, maprofesa, viongozi wa michezo, watu wenye shahada na ofisi zenye viyoyozi. Kilichowashinda ni kilekile kinachomshinda yule mwenye nyumba wa mazoezi yetu ya Tanga: kumwambia mtu mwenye jina, "Hebu ngoja, hicho ni nini?"

Baada ya hapo Marekani ilitunga sheria inayomlazimisha mtu mzima anayefanya kazi na watoto kwenye michezo ya ridhaa kutoa taarifa ndani ya saa 24. Kenya walikuwa wametangulia upande wa shule: waraka wa tume ya walimu, TSC, wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu mwenye taarifa za mwanafunzi kudhulumiwa aitoe ndani ya saa 24, na anayeficha naye achukuliwe hatua. Napenda kanuni zenye saa. Mtu akiambiwa "toa taarifa" atakwenda kuomba ushauri kwa shangazi, shangazi atasema tusubiri baba arudi safari, na wiki imekatika. Akiambiwa saa 24, anaangalia saa.

Sheria yetu haina saa, lakini ina jukumu. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali ya mtaa wake. Imesema ushahidi au taarifa. Haikukutaka uwe mpelelezi, wala uwe umeshika mtu. Nawasomea kifungu hicho polepole, kwa sababu watu wengi hukaa na shaka zao miezi wakisubiri ziive ziwe uhakika.

Upo pia mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ule tunaouita MTAKUWWA, ulioanza 2017, na unataka kuwe na kamati za ulinzi mpaka ngazi ya mtaa na kijiji. Huwa nauliza ukumbini, "Wajumbe wa kamati yenu ni nani?" Watu wanatazamana. Kuna mahali mjumbe mwenyewe alikuwemo ndani na alikuwa hajui kuwa ni mjumbe, jina liliandikwa siku hakuhudhuria kikao. Tulimpigia makofi, na kabla ya kufunga alikuwa ameandika namba za polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto na za afisa ustawi wa jamii wa kata nyuma ya daftari lake.

Sehemu ngumu kuliko zote ni mtoto anaposema. Watu wanategemea mtoto atakaa chini aeleze kisa chenye mwanzo na mwisho. Mtoto hutoa kipande kidogo, tena wakati umeshika sufuria ya moto: "Mama, mimi sitaki tena tuisheni." Au, "Yule anko ana michezo mibaya." Kisha anakutazama usoni. Anapima kama kipande hicho kimekuvunja. Ukishtuka, ukapiga kelele, ukamkamata bega, kipande cha pili hukipati. Na tunavyouliza! Nani? Lini? Mara ngapi? Kwa nini hukusema siku zote? Hilo la mwisho ndilo linalofunga mlango, maana mtoto analisikia kama mashtaka, na jibu lake la kweli, kwamba alikuogopa wewe, hawezi kulitoa.

Kwa hiyo tunafanya mazoezi ya uso. Kweli, ya uso. Watu wanakaa wakitazamana, mmoja anasema sentensi ya mtoto, mwingine anajitahidi asibadilike. Wanaume wengi hushindwa mara ya kwanza, hasira inapanda mpaka kwenye mishipa ya shingo, na huwa nawaambia hasira hiyo ni haki yao lakini waiweke mpaka mtoto atoke chumbani. Maneno ya kusema ni machache: umefanya vizuri kuniambia, si kosa lako, nitatafuta watu wa kutusaidia. Usimwahidi kuwa ni siri yenu wawili, kwa sababu utaivunja. Usiite ukoo mzima mtoto arudie mbele ya mashangazi. Usimwite anayetajwa "aje tuyaweke sawa" mbele ya mtoto, ukifanya hivyo mtoto atakana, na huwezi kumlaumu.

Kisha hospitali, siku hiyohiyo kama tukio ni la karibuni. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa. Nguo usifue. Zifunge kwenye karatasi au kitambaa, mfuko wa plastiki unaziozesha. Mtoto asiogeshwe kabla ya kuonwa, ingawa najua mikono ya mama yeyote itataka maji kabla ya kitu kingine. Kuna hospitali zenye kituo cha mkono kwa mkono, kama Mnazi Mmoja ya Zanzibar na Amana ya Ilala, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako mahali pamoja, na mtoto haendeshwi ofisi hadi ofisi akirudia mambo yale. Kwingine utaanza polisi kuchukua fomu ya PF3 au utaanza hospitali. Nasisitiza fomu isiwe sababu ya saa kupotea. Na daktari asipoona jeraha haina maana mtoto amedanganya. Watoto wengi waliodhulumiwa wakipimwa hawaonekani na alama yoyote. Kama hujui pa kuanzia, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Kenya namba ni hiyohiyo.

Tukifika hapo, mkono wa mtu fulani nyuma hunyooka, karibu kila mahali, na swali huwa limefungwa kwa maneno laini: je, kama ni mtu wa nyumbani? Wanachouliza ni kama wanaruhusiwa kuyamaliza kifamilia. Ng'ombe, mbuzi, laki kadhaa, mzee anaomba radhi, mtoto anapelekwa kwa bibi yake. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 anafungwa maisha. Wabunge walidhani ukali huo utawatisha wabakaji. Pengine umewatisha baadhi. Lakini ninachokiona kwenye vikao ni kwamba unawatisha sana ndugu. Mama akijua kusema kwake kunamfunga kaka yake wa tumbo moja miaka 30, au mume anayelipa kodi ya nyumba, ulimi unakuwa mzito. Sidai adhabu ipunguzwe. Nasema adhabu inakuja baada ya mtoto kuumia, na tumeitegemea peke yake kupita kiasi, huku kazi ya kabla haina bajeti.

Sheria hiyohiyo ya 1998 ilileta jambo jingine ambalo watu hawalijui kabisa: mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kuwa anasema kweli. Zamani ilidaiwa ushahidi mwingine wa kuutia nguvu. Nikisema hivyo kuna akina mama hushika vichwa. Kuna waliokaa kimya miaka kwa kuwa waliambiwa "neno la mtoto halisimami kortini".

Wanaume ni wachache kwenye mafunzo haya. Tangazo likisema "wazazi na walezi", kwa namna fulani linasomeka "akina mama". Ndiyo nikaanza kwenda vijiweni. Bodaboda ndiye anayejua binti gani anachukuliwa kona gani na gari gani, nani analipiwa nauli na nani, mtoto gani anaachwa shuleni mpaka giza. Wenye umri wangu mtakumbuka Fataki, yule mhusika wa matangazo ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000, mzee anayewarubuni wasichana kwa chipsi na lifti. Jina lilitoka redioni likaingia mtaani, hata leo mtu akimwona mzee na binti wa shule anaweza kusema "huyo fataki". Kilichonivutia kwenye matangazo yale ni kwamba hayakumhubiria binti. Kila mara alikuwepo mtu wa pembeni, muuza duka au mhudumu au jirani, aliyeingilia na kuharibu mpango, mara nyingi kwa kumchekesha msikilizaji. Yalikuwa mafunzo ya mtu mzima wa kawaida, bila semina na bila posho.

Kijiweni tunaigiza mambo ya namna hiyo. Mteja anakwambia mpeleke huyu binti gesti fulani, amevaa sketi ya shule. Unafanyaje? Wa kwanza kujibu alisema angempiga yule mteja. Wa pili akamkumbusha kuwa pikipiki ni ya mkopo na hajamaliza rejesho. Waliishia kukubaliana kwamba pikipiki "inaharibika", binti anarudishwa shuleni au kwao, na mtu mmoja mwenye namba ya Dawati anapiga simu. Niliwaomba sana jambo moja, wasijichukulie sheria mkononi. Mtaa ukisikia neno mbakaji unatafuta tairi, na mtu akichomwa moto ndio mwisho wa kesi, mwisho wa kujua watoto wengine aliowagusa, na mtoto aliyesema anabaki na mzigo wa maiti. Hata kama aliyechomwa ndiye kweli.

Kuna watu sikuwagusa humu. Watoto wakubwa wanaowadhuru wadogo, wanawake wanaofanya hivyo, na simu za mkononi. Kila kimoja kinataka kikao chake, na la simu nimeshaombwa na wazazi wa shule mbili.

La karibuni ni la madrasa moja. Ustadhi aliniita mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, akasema anataka wazazi wake wawe na amani. Anafundisha chumba cha nyuma, dirisha moja juu, na watoto wanaochelewa kuhifadhi hubaki naye mmojammoja baada ya alasiri. Hakuna aliyemlalamikia. Tukakaa na wazazi, tukachora siku ya mtoto tangu anatoka kwao hadi anarudi, tukatia alama kila mahali anapokuwa na mtu mzima mmoja bila wa tatu kuona. Chumba cha nyuma kikapata alama kubwa. Ustadhi akasema basi masomo yahamie barazani. Mzazi mmoja akauliza jua la alasiri je, mwingine akasema tununue turubai, ukaanza mvutano wa mchango, kila nyumba ngapi, wenye watoto watatu walipe mara tatu au mara moja. Uliendelea mpaka adhana ya magharibi, na uamuzi ukawa mara moja kwa kila nyumba. Turubai limefungwa, la buluu. Wanaobaki kuhifadhi sasa wanakaa wawiliwawili, na wauza mihogo wa ng'ambo ya barabara wanalalamika kwamba watoto wanasoma kwa sauti kubwa kupita kiasi.